Wachumaji wa Mjomba Abdulaziz

Mjimwema, Njombe
9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Kamwene. Nakutakia mfungo mwema wewe na mjomba Abdulaziz na wote wa hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila mvua haikati na nguo zinakaa kambani mpaka zinanuka. Baba yuko kijijini Kichiwa na mguu wake ule ule. Nilikwenda kumwona nikamkuta anapalilia viazi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimaliza kipande anajisogeza na ndoo yake. Mama amemgombeza hadi amechoka. Baba anakusalimu sana, na bado anakuita Eufrasia, jina lako la kabla hujasilimu, usikasirike.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Shangazi, simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu na kaunta ya duka. Mara ya mwisho nilimweleza mteja wa misumari habari zote za mguu wa baba kabla hajaniambia kwamba wewe umekwenda msalani. Hilary wa basi la Coaster la Makambako amekubali kutubebea barua. Naona tuandikiane kama ulivyokuwa ukiandikiana na bibi.

Nina habari. Nimehamishwa kutoka kwenye kupanga parachichi kwa ukubwa. Wanunuzi wetu wa nje wanataka kampuni ihakikishe kwamba kuanzia mtini hadi kwenye boksi hakuna mtu aliyefanyishwa kazi kwa nguvu, yaani aliyefungiwa, aliyetishwa, aliyenyang'anywa vitu vyake ili asiondoke. Wanauita utumwa wa kisasa. Kwenye semina nilipolisikia neno hilo nilitabasamu, nikaona ni mambo makubwa mno kwa Njombe yetu. Bosi wangu, Bwana Kefa, amenipa kazi ya kuwatembelea mawakala wote wanaotuletea wachumaji. Mjomba ni mmoja wao. Nilimwambia Bwana Kefa wazi kwamba ni mume wa shangazi yangu. Akasema, "Vizuri, basi kazi itakuwa nyepesi."

Naomba uniulizie, wachumaji wake wa msimu huu wamewekwa wapi? Nisije nikazunguka na gari la kampuni bure.

Mwanao,
Fidelia


Makambako
4 Aprili 2025

Fide mwanangu,

Asalaam aleikum na kamwene pia, maana mdomo wangu una vyote viwili. Barua yako ilinikuta katikati ya mfungo, nikaiweka mpaka Idi ipite. Tumefunga salama. Siku ya Idi upepo wa Makambako ulivuma hadi turubai la wageni likang'oka, tukala pilau tumelishikilia kwa mikono. Nilikuwekea nyama, hukuja, ikaliwa na madereva.

Mwambie kaka Yosefu aache kujikokota shambani na ndoo. Mwambie mimi ndiye niliyesema. Na huyo Eufrasia wake nampokea, kwake yeye sitabadilika jina.

Hongera kwa kazi mpya. Ila hilo neno la utumwa silipendi, usilitamke mbele ya mjomba wako. Ana malori, ana duka la vifaa vya ujenzi, ameajiri watu kabla wewe hujazaliwa. Wachumaji wako upande wa Wanging'ombe, kwenye maghala ya zamani. Zaidi ya hapo muulize Musa, ndiye msimamizi wao. Miaka iliyopita nilikuwa nawapikia wakishuka hapa, wanalala, wanaoga, ndipo wanaondoka. Mwaka huu niliwapa uji tu wakiwa wamesimama, wakapakiwa. Musa alisema chakula cha mama kinawadekeza.

Hayo mengine ni mambo ya wanaume.

Nimekutumia sukari na kitenge. Kitenge ni cha mama yako, usijifanye hukuelewa.

Shangazi yako,
Anifa


Mjimwema, Njombe
27 Aprili 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Pasaka imepita salama, mama amevaa kitenge chako kanisani na kila aliyemsifia amemwambia kinatoka Makambako kwa wifi yake. Baba amepata dawa mpya ya kuchua.

Shangazi, nilikwenda Wanging'ombe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Acha nikueleze nilivyoona, kwa mpangilio niliouona.

Maghala yamezungushiwa mabati mapya. Geti lina kufuli, na kufuli liko upande wa nje. Nilimwuliza Musa, "Kufuli la nini?" Akasema ni usalama wao, kuna wezi. Nikamwuliza wezi wa hapa wanaiba watu? Akacheka, akafungua, akatembea nami hatua kwa hatua. Sikupata hata nafasi ya kuzungumza na mtu peke yake.

Kila niliyemwuliza anaishije alijibu, "Vizuri, tunashukuru." Maneno hayo hayo, kama watoto wa darasani. Wengi wametoka Rukwa. Kulikuwa na dada mmoja anaosha sufuria, anaitwa Bibie. Nikamwuliza, "Jumapili huwa unakwenda wapi?" Akamtazama Musa, kisha akanitazama mimi, akasema polepole, "Kwani dada, leo ni siku gani?"

Nikamwomba namba yake ya simu. Akasema simu yake inatunzwa. Musa akadakia, "Simu zote ninazo mimi, zinawapotezea muda wa kuchuma." Nikauliza, mtu akitaka kuondoka inakuwaje? Musa akajibu badala yao tena: "Aende wapi? Msimu ukiisha tajiri atawarudisha wote na malipo yao."

Tuliporudi, dereva wetu ambaye huimba njia nzima hakuimba.

Bado sijaandika ripoti. Kabla sijaandika nataka nikuulize wewe, si mjomba. Shangazi, ulikuwa unajua?

Fidelia


Makambako
4 Mei 2025

Fidelia,

Hatujambo. Upepo umezidi.

Unaniuliza mimi kama nilikuwa najua, kana kwamba mimi ni askari wa geti. Mama yako alipougua mimba ya mdogo wako, aliyemkimbiza hospitali ya misheni kwenye matope ni nani? Magari yote yalikwama siku ile isipokuwa lori la Abdulaziz. Alimfunika kwa koti lake mwenyewe. Leo wewe umepewa gari la kampuni na daftari, unakuja kumpima.

Watu hao walikuja kwa miguu yao. Hakuna aliyefungwa kamba. Kazi ya kuchuma ni ngumu, hata baba yako anaijua.

Usiandike chochote kabla ya kuzungumza na mjomba wako kwa heshima.

Shangazi yako

Huyo Bibie, ni yule mwembamba mwenye pengo la jino la mbele? Nijibu hilo tu.


Mjimwema, Njombe
18 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Mama anasema nisiendelee kukuandikia habari hizi, baba amesema niache kabisa. Wote wawili wanaikumbuka siku ya matope. Hata mimi naikumbuka, nilikuwa nyuma ya lori nimeshika ndoo ya nguo.

Ndiyo, ni yeye, mwenye pengo.

Nilimfuata mjomba dukani kwenu Jumanne, wewe ulikuwa umekwenda msibani. Nilimwamkia, akanipa soda. Nilipoanza tu habari za geti akasimama kuhesabu mabati ya mteja. Akaniambia, "Mwanangu, hao wakiachiwa wanazurura, wengine wanahamia kwa mawakala wenzangu, na nauli yao nimeshalipa mimi. Wewe ungefanyaje?" Nikasema ningewaachia simu na kufungua geti, anayetaka kuondoka apewe chake aende. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtazama mtoto. Akasema, "Maliza soda."

Bwana Kefa naye anataka jambo liishe haraka, wanunuzi wanakuja Julai. Njia yake ni kumkata mjomba kwenye orodha, tuandike kwamba hatufanyi naye kazi tena. Karatasi itakuwa safi. Lakini shangazi, tukimkata tu hivi, Musa atawapakia kwenye lori usiku huo huo na kuwapeleka shamba la mtu asiyeuliza maswali. Sitawaona tena. Ndiyo maana sijaandika ripoti. Ndiyo maana pia sipati raha, naamka, nakaa, nasimama dirishani, naona magari tu.

Wewe humsemesha mjomba wakati wengine wote anawakatalia. Mwombe afungue geti yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kabla mtu mwingine hajalifungua. Ndilo pekee ninaloomba.

Fidelia


Mjimwema, Njombe
8 Juni 2025

Shangazi,

Idi njema ya kuchinja. Umekaa kimya. Hilary anasema duka lenu limefungwa siku kadhaa na kwamba barua yangu alikupa mkononi, ukaiweka kifuani.

Ijumaa nilirudi Wanging'ombe bila kutoa taarifa. Bibie hayupo. Musa amesema amerudi kwao. Nikawatazama wenzake, wote wakainamisha vichwa.

Amerudi kwao na nini, wakati simu yake bado inatunzwa? Shangazi, kama kuna jambo limempata niambie hata kama ni baya. Hata neno moja, mpe Hilary kwa mdomo.

Fidelia


Makambako
15 Juni 2025

Fide mwanangu,

Anayekupa barua hii ndiye Bibie. Mkaribishe, mpe chakula, halafu ndiyo usome.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa bahasha kufunguliwa njiani. Musa ana marafiki katika magari yote. Sasa nakueleza.

Alikuja kwangu mwishoni mwa Mei, asubuhi watu wakiwa sokoni. Walikuwa wanachuma shamba lililo karibu na barabara kuu. Alijifanya anakwenda kujisaidia, akapita kati ya miti mpaka lami, lori la viazi likampakia. Alifika mlangoni pangu bado amevaa mfuko wa kuchumia shingoni. Alikuwa ameulizia sokoni nyumba ya yule mama wa uji, mke wa tajiri wa malori. Nikamwambia, "Wewe mtoto, umetoroka kambini halafu unakuja kwa mwenye kambi?" Akasema, "Mjini hapa simjui mtu mwingine. Na wewe siku ile uliniongezea sukari."

Fide, nilikaa chini.

Nilimweka stoo ya duka, nikafunga duka, nikamwambia mjomba wako kwamba mgongo unaniuma. Nikampa simu yangu ampigie mama yake. Mama yake akakata. Akapiga tena, nikasikia mwanamke anafoka, "Nyie matapeli hamna haya! Mwanangu amepotea na bado mnatumia jina lake!" Bibie akashindwa kujitetea. Akaanza tu kueleza nyumba yao, mlango wa jikoni unaokwama mvua ikinyesha, kuku mweupe anayetagia kwenye sufuria kuukuu. Halafu mama akaanza kulia, na mimi nikatoka nje nikajifanya nafagia.

Baada ya siku chache Musa akajua. Akaja na gari hadi uani, Abdulaziz yupo. Akasema, "Mama, kuna mchumaji ametoroka na mali ya tajiri, nimeambiwa yuko hapa."

Nikamwuliza, "Mali gani?"

Akasema, "Nauli yake, chakula chake. Yeye mwenyewe ni mali mpaka msimu uishe."

Alisema hivyo, Fide, mchana, uani kwangu, mbele ya mume wangu. Nikasimama mlangoni mwa stoo. Abdulaziz akasema, "Anifa, toka mlangoni." Unajua maisha yangu yote na mwanamume huyu sijawahi kumkatalia mbele ya watu. Nikamwambia, "Sitoki. Mwambie huyu kijana wako anipite akitaka."

Musa akatazama chini. Abdulaziz akamwita Bibie atoke, akamwuliza kwa sauti ya upole, ile yake ya kuongea na wateja, "Binti, nani amekuzuia kuondoka?"

Bibie akasema, "Wewe, baba."

Akasema, "Mimi nilisema msimamiwe, sikusema mfungiwe." Nikamwuliza, "Na lile kufuli alilipata wapi?" Lilitoka kwenye rafu ya duka letu, na wote wawili tunajua.

Musa aliondoka mikono mitupu. Lakini Abdulaziz geti hajafungua. Nimemwomba akiwa anakula, nimemwomba akitoka msikitini, nimemwomba mpaka ameanza kulala kwa mdogo wake. Anasema msimu ukiisha. Aliyoniambia mengine sitayaandika, ni ya mke na mume.

Sasa sikia. Uliniuliza swali ukanipa hasira. Sina jibu litakalokuridhisha, mwaka huu niliwaona wakipakiwa nikarudi jikoni. Fanya kazi yako. Bibie atakueleza yote na yuko tayari kuyarudia mbele ya yeyote. Usiniambie utafanya nini. Nikijua, nitataka kukuzuia.

Shangazi yako


Mjimwema, Njombe
13 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya. Hapa baridi imekuwa kali, asubuhi majani ya viazi kule Kichiwa yamegeuka meusi kwa barafu. Baba hanisemeshi. Anamtuma mama aniulize kama nimekula.

Bibie alikaa kwangu. Alilala, aliamka, akalala tena. Halafu akaeleza, nami nikaandika. Safari hii sikuchana.

Nilipompelekea Bwana Kefa ripoti aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Fidelia, nilikupa kazi hii nikijua una ndugu pale. Nilidhani utakuwa na busara ya kifamilia." Hapo nikaelewa ule wepesi aliouzungumzia Machi. Nikamwomba tusimkate wakala kwanza, tuwatoe watu, walipwe, ndipo mengine. Akasema, "Tunamkata leo. Watu wake si wetu."

Nikasema, "Parachichi walizochuma tumeshaziuza kama zetu."

Akaniambia niende nikapumzike. Sikwenda kupumzika. Nilimchukua Bibie tukaenda kwa afisa kazi, kisha polisi. Siku ile ile nikaituma ripoti kwa mkurugenzi Dar es Salaam, nikiwa nimeandika juu kabisa kwamba mmiliki wa kambi ni mume wa shangazi yangu. Nilidhani kufika jioni nitakuwa sina kazi, kumbe mkurugenzi alimpigia Bwana Kefa asimkate wakala kwanza.

Polisi na afisa kazi walikwenda kambini siku ya tatu, nami nikawafuata. Musa alikuwa ameshakimbia na ufunguo. Askari mmoja akang'oa bawaba kwa mtaimbo na geti likalala upande. Shangazi, hakuna aliyetoka. Walisimama kule ndani wamebanana ukutani, wanatutazama. Afisa akawaambia mko huru, hakuna aliyesogea. Bibie ndiye aliyeingia, akasema kwa sauti, "Tokeni. Mimi nilitoka na sijafa."

Cha kwanza walichoulizia ni simu. Tulizikuta kwenye ndoo ya rangi chini ya kitanda cha Musa, zote zimezima. Mtu na simu yake wakakimbilia kibanda cha kuchajia pale kijijini, mwenye kibanda akachanganyikiwa, hana waya za kutosha. Wakakaa chini wote wakisubiri zamu, wanaume wazima wameshikilia simu zilizokufa kama vifaranga. Ya kwanza ilipowaka, ujumbe uliingia mfululizo, ikalia na kulia. Mwenyewe aliitazama tu, hakuthubutu kufungua.

Mkurugenzi amekuja. Kampuni imewalipa haki yao moja kwa moja, waliotaka kurudi wamepandishwa basi. Waliobaki wameajiriwa na kampuni yenyewe, wamepanga vyumba kijijini na kila mmoja ana ufunguo wake. Ameamua wakala yeyote asiwaweke watu tena, kazi yake iwe kutangaza nafasi tu. Wanunuzi nao wameambiwa ukweli. Sijui wataendelea kununua au la. Kazi bado ninayo, ila Bwana Kefa hanisalimii. Juzi nilikwenda kwa wakala mwingine, geti lilikuwa wazi, watu wanacheza bao nje, na bado nilizunguka uzio mara mbili nikitafuta kufuli.

Jina la mjomba nimeliandika, shangazi. Ningeweza kuandika la Musa peke yake, kuna mtu alinishauri hivyo. Najua polisi wameshamwita. Nimesikia alilala kituoni kabla ya dhamana. Koti lake alilomfunika mama bado nalikumbuka, lilikuwa la kijani. Nimelia sana, na ningeandika tena.

Sikuombi unisamehe. Niambie tu kama unakula na kama unalala.

Fidelia


Makambako
27 Julai 2025

Fide mwanangu,

Kamwene. Ninakula. Kulala ni kidogo.

Mjomba wako amerudi nyumbani kwa dhamana, amekonda shingoni. Watu wa mtaani wamegawanyika. Wapo wanaokuja kumpa pole kama mfiwa, wapo waliohamia duka la jirani. Mke wa Musa alikuja kunitukana uani, nikampa maji akanywa, akatukana tena, akaenda. Musa mwenyewe wanasema yuko upande wa Mbeya. Sijui.

Abdulaziz aliniambia, "Mwanao amenifunga." Nikamwambia bado hujafungwa, na aliyefungwa anajulikana alikuwa wapi. Baada ya siku mbili aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Aliniuliza yule binti ana mtoto? Nikasema anaye, yuko kwa bibi yake Rukwa, amejifunza kutembea mama yake hayupo. Akatoka nje. Sitaki nikudanganye kwamba ametubu. Kesho yake alikuwa analalamika tena kuhusu nauli. Lakini aliuliza.

Kaka Yosefu amenipigia, na safari hii simu niliipokea mwenyewe. Alitaka nimwambie kwamba wewe umekosea. Nikamwambia, Yosefu, mtoto amefanya lile ambalo mimi niliyekuwa karibu sikulifanya, sasa chagua utakayemnunia. Akasema baridi imemharibia viazi. Najua maana yake. Mpikie, nenda naye shambani, ataongea.

Bibie amekuja kuniaga. Anakwenda kwao kumwona mwanawe, atarudi kesi ikianza. Hakutaka nimpe kitu. Alitaka kujua tu kama nitakuwepo siku hiyo, asisimame peke yake.

Alhamisi mpelelezi alinikuta dukani. Ameniuliza kama niko tayari kueleza mahakamani niliyoyaona na kuyasikia uani kwangu. Akasema sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu, naweza kukataa na hakuna atakayenilaumu. Nilimwomba muda nifikiri. Nimefikiri nikiwa napika, nikiwa naswali, nikiwa napima misumari hadi nikamzidishia mteja.

Jana nimemwambia ndiyo.

Abdulaziz hajui bado. Tangu nikaha yetu hajawahi kusikia jambo langu kwa mtu mwingine, na hili hatalisikia kwa mtu mwingine. Nitasema hata lile kufuli lilikotoka. Yuko nje hapa anafunga turubai la lori, namsikia akivuta kamba. Hilary anaondoka saa nane na anataka bahasha. Ngoja niifunge nimpe, halafu nitoke nikamwambie.

Shangazi yako,
Anifa, na Eufrasia pia